Malazi ya Magurudumu Chini ya Milima ya Theluji

Katika jimbo la Washington, pembe ya kaskazini-magharibi ya Marekani, iko barabara nambari 542 ambayo huanza katika mji wa Bellingham karibu na bahari, ikapita mashamba na misitu ya misonobari, ikapanda mlima kwa mizunguko mingi, na wakati wa baridi ikakomea mbele ya ukuta wa theluji, mahali penye viti vya waya vinavyowapandisha watu juu ili wateremke kwa ski. Hapo hapana hoteli. Aliyekuja kuteleza hana budi ama kurudi bondeni jioni kutafuta malazi, ama kulala pale pale. Na hao walalao pale pale ndio nitakaowaeleza leo, watu ambao huja na nyumba zao juu ya magurudumu, wakaziegesha katika uwanja uliofagiwa theluji, wakafunga milango, na katikati ya baridi iuayo wakakaa kwa raha ya mtu aliye sebuleni kwake.

Mahali hapo ni Mount Baker, na theluji yake si ya kawaida. Upepo utokao bahari ya Pasifiki huja umejaa unyevu ukaikuta safu ya milima ya Cascade imesimama mbele yake. Hulazimika kupanda, na kwa kupanda hupoa, na kwa kupoa huachilia kila uliokuwa umekibeba. Katika majira ya baridi ya 1998 na 1999 theluji iliyoanguka hapo ilipimwa ikawa inchi 1,140, yaani takriban mita 29, nayo ndiyo rekodi ya dunia kwa majira moja. Msomaji aliyeizoea theluji ya Kibo kwa kuitazama kutoka Moshi, iko mbali, haimdhuru wala haimgusi, afikirie jengo la ghorofa tisa, na kimo hicho chote kikianguka kidogo kidogo juu ya paa la gari lake baina ya Novemba na Mei. Ni kweli kwamba theluji hushindiliwa na uzito wake wenyewe, wala haifikii kimo hicho kwa wakati mmoja; lakini kila iliyoanguka yahitaji mtu wa kuiondoa, na walalao uwanjani hujiondolea yao kwa mikono yao.

Kwa nini mtu achague taabu hiyo? Jawabu la kwanza, na kwangu ndilo kubwa, ni la mfuko. Mchezo wa ski ulipogeuzwa kuwa biashara uliingia kwa mlango wa matajiri. Mwaka 1936 kampuni ya reli ya Union Pacific, chini ya uongozi wa W. Averell Harriman, ilifungua huko Sun Valley katika jimbo la Idaho hoteli ya fahari, muradi wake ukiwa kuzipatia treni zake abiria wakati wa baridi. Na hapo ndipo dunia ilipokiona kiti cha waya kwa mara ya kwanza. Aliyekibuni ni James Curran, mhandisi wa kampuni hiyo, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameshughulika na mitambo ya kupakia ndizi melini katika nchi za joto, akatambua kwamba kulabu iliyobeba mkungu, ikitiwa kiti, itambeba mtu. Naipenda habari hii, kwa kuwa yaonyesha jinsi maarifa yasivyojua mipaka ya joto na baridi, na jinsi anasa ya wakwasi ilivyozaliwa katika jasho la makuli wa bandarini.

Tangu siku hizo hoteli na mlima vimekwenda pamoja, na bei zimepanda pamoja. Leo tiketi ya kutwa moja katika baadhi ya milima mashuhuri ya Colorado hupita dola 300 siku za msongamano, na chumba kilicho mlangoni mwa mlima aghalabu huishinda tiketi hiyo kwa mbali. Baba mwenye watoto watatu, mwalimu au fundi bomba, akipiga hesabu ya siku mbili za starehe, huona heri abaki nyumbani.

Lakini watu wa kipato cha kadiri walikuwa wamekwisha kujitafutia njia nyingine. Karavani za kuvutwa na gari zilikuwapo kabla ya vita vya pili vya dunia, na miongoni mwa waundaji wake alikuwa Wally Byam, mwanzilishi wa Airstream, ambaye kampuni yake ilianza mwaka 1931, na ambaye mwaka 1959 aliuongoza msafara wa nyumba zake za alumini zing'aazo kutoka Cape Town hadi Cairo, akilikata bara letu kwa urefu wake. Kisha kampuni ya Winnebago ya Iowa, mwaka 1966, ikaanza kuunda kiwandani kwa wingi magari ambayo nyumba na injini ni kitu kimoja, na mtu wa kawaida akaweza kumiliki chumba, jiko na kitanda vinavyokwenda. Hakuna aliyeyaunda magari hayo kwa ajili ya theluji. Yaliundwa kwa safari za kiangazi, na wapenda ski wakayachukua kama yalivyo wakapanda nayo mlimani, na kwa miaka mingi wakajifunza, mara nyingine kwa hasara kubwa, masharti ya kuishi humo.

Masharti hayo yastahili kuelezwa kwa wasaa, maana humo ndimo ilimo hikima yote ya jambo hili.

Kuta za gari-nyumba ni nyembamba, na mabomba yake ya maji aghalabu hupita chini ya sakafu, mahali penye upepo. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa kadiri ya asilimia 9, wala hakuna bomba la plastiki wala pampu iwezayo kuyazuia. Hupasua kila kiyafungacho, na mwenye gari hapati habari mpaka siku ya jua, barafu itakapoyeyuka na sakafu ikafurika. Kwa hiyo wapo wanaonunua magari yaliyofungwa chini kwa bamba na kupitishiwa hewa ya moto baina ya matangi, na wapo wengine, nao nawaona wana busara zaidi kwa mtu anayeanza, ambao huyatoa maji yote katika mabomba, wakatia mahali pake dawa ya rangi ya waridi, propilini glikoli, isiyoganda upesi wala haina sumu kali, kisha wakaja mlimani na maji ya kunywa na kupikia ndani ya madumu yaliyowekwa chini ya meza. Hawaogi kwa bomba. Huchemsha maji birikani wakajifuta kwa kitambaa. Mtu aliyelelewa katika nyumba ya maji ya mtungi na kata hataona dhiki yoyote katika hilo.

Baada ya maji ni moto. Hita ya gari-nyumba huunguza gesi, na feni yake huendeshwa na betri ya volti 12. Basi ukikosa kimojawapo katika viwili hivyo, umekosa joto. Gesi tunayopikia Afrika Mashariki ni mchanganyiko wa propani na butani, na katika hali ya hewa yetu haina taabu. Lakini butani huacha kugeuka mvuke joto linapokaribia nyuzi sifuri, ilhali propani huendelea kutoa mvuke mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri, na kwa sababu hiyo msafiri wa theluji hutaka propani tupu. Mtungi wa kilo 9 huilisha hita ya wastani kwa saa kama 14 za moto usiokatika. Na kwa kuwa hita huwaka na kuzimika kwa zamu, mtungi huo hudumu siku mbili hivi katika baridi kali. Anayekuja na mtungi mmoja kwa likizo ya siku nne amekuja kuomba kwa majirani.

Betri nazo zina tabia zao. Zile za asidi na risasi hupoteza karibu nusu ya nguvu zake joto likishuka nyuzi 18 chini ya sifuri, na ikiwa zimeishiwa umeme huganda zenyewe na kupasuka; za lithiamu zina nguvu zaidi, lakini kuzichaji zikiwa chini ya nyuzi sifuri ni kuziharibu, na hivyo huwekwa ndani, karibu na vitanda, zikashiriki joto la watu. Paneli za jua juu ya paa hazifai kitu zikifunikwa. Dizeli nayo, ikiwa ni ile ya bondeni iliyotengenezwa kwa hali ya joto, hujitenga nta ikaziba chujio, na gari haliwaki. Mwenye uzoefu hujaza tangi karibu na mlima, ambako vituo huuza dizeli ya majira ya baridi.

Liko jambo moja ambalo wageni hawalitarajii kabisa, nalo ni unyevu. Mtu aliyelala hutoa kwa pumzi na ngozi yake maji yapatayo robo lita au zaidi kwa usiku mmoja, na kila kilo ya propani iunguayo katika jiko la kupikia huzaa maji kilo moja na nusu na ziada. Maji hayo yote hutafuta mahali pa baridi yakatulia: juu ya vioo, nyuma ya makabati, chini ya magodoro. Asubuhi godoro limelowa upande wa chini, na vioo vimefunga barafu kwa ndani. Dawa yake ni kufungua kidogo dirisha la paa usiku kucha, hata kama moyo wakataa kuachia joto lililonunuliwa kwa fedha. Maana hewa kavu ya nje, ijapokuwa ya baridi, ikiingia ikapashwa moto hunywa unyevu wa ndani na kuondoka nao.

Mtu akiingia jioni katika gari la watu waliozoea, ataujua uzoefu wao kwa mambo madogo. Mlangoni pana ufagio mfupi wa kukung'uta theluji kabla ya kupanda ngazi, na ndani pana beseni la plastiki la kuwekea viatu, ili maji ya theluji yasienee zuliani. Viatu vya ski, vigumu kama vilivyo, vimefunguliwa vifungo vyote, soksi zake za ndani zimetolewa na kusimamishwa mbele ya tundu la hewa ya moto, vidole kwa vidole, za baba, za mama na za watoto, kwa sababu avaaye kiatu chenye unyevu asubuhi hatakuwa na miguu ifikapo adhuhuri. Glavu zimening'inizwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba iliyovutwa juu ya jiko. Sufuria ya mchuzi i motoni. Kila aliyemo ana mahali pake pa kuketi, na akitaka kupita, wenziwe hukunja magoti.

Kuhusu paa nimekwisha kudokeza. Hapa niongeze hesabu. Gari la urefu wa mita 8 na upana wa mita 2.4 lina paa la mita za mraba zipatazo 19. Theluji nzito yenye unyevu, kama ile ya Cascade, ikisongamana hufikia kilo 300 kwa mita ya ujazo. Basi sentimita 30 za theluji hiyo iliyosongamana ni uzito wa zaidi ya tani moja na nusu juu ya vichwa vya waliolala.

Na hapo ndipo inapokuja hatari iliyo kubwa kuliko zote. Theluji iangukayo usiku huweza kuziba tundu la kutolea moshi wa hita, au kulizunguka bomba la jenereta, na ile hewa yenye sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ikarudi ndani na kuwachukua watu usingizini. Mtu mwenye akili timamu hushuka kitandani usiku wa manane, akavaa koti juu ya nguo za kulalia, akatoka na koleo kwenda kufungua matundu hayo, kisha akarudi kulala. Kuwasha jiko la kupikia ili kupasha chumba joto ni kosa kubwa, na kuingiza mkaa ndani ni kujiua. Mwezi wa Desemba 2006 dhoruba ya upepo ilikata umeme wa mamia ya maelfu ya nyumba katika jimbo hilo hilo la Washington, na watu, kwa kutaka joto, wakawasha mkaa na jenereta ndani. Wakafa watu kadhaa, wakaugua wengi, na sehemu kubwa ya walioathirika walikuwa wahamiaji ambao maonyo ya Kiingereza hayakuwafikia, hata gazeti la Seattle Times likachapa onyo katika ukurasa wake wa kwanza kwa lugha kadhaa. Nasi hatuna haja ya kwenda ughaibuni kulijua jambo hili. Katika nyanda zetu za baridi wamekufa watu, hata familia nzima kwa mara moja, kwa kulala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa madirisha.

Alfajiri huanza mapema uwanjani. Kabla ya mapambazuko hupita magari ya kufagilia theluji, taa zao za manjano zikizunguka, na kwa ajili yao kila aliyelala ametakiwa aegeshe katika mstari aliopewa, asiache kiti wala ngazi nje, maana dereva wa gari lile haoni kilichofukiwa. Baadaye kidogo husikika mishindo mizito kutoka juu: ni walinzi wa mlima wakilipua baruti makusudi, ili theluji iliyolemea miteremko iporomoke kabla ya watu kupanda. Mgeni hushtuka akadhani kuna vita. Wazoefu huketi kitandani wakatabasamu, kwa kuwa mishindo mingi ni ishara ya theluji nyingi, na ilhali waliolala bondeni bado wamo barabarani wakifunga minyororo ya magurudumu, wao hutembea hatua mia mbili hivi wakawa wa kwanza penye viti vya waya. Hilo ndilo jawabu la pili la swali nililouliza hapo juu, kwa nini mtu achague taabu hiyo.

Huko Ulaya jambo hili lina utaratibu zaidi. Austria, Ujerumani na Uswisi yako makambi yanayofunguliwa mwaka mzima, kama katika bonde la Lauterbrunnen, yenye umeme kwa kila gari, bafu za maji moto, na vyumba vya kukaushia viatu na ski. Ni starehe, nami siwalaumu wanaoipenda, ila starehe hiyo ina malipo yake, na moyo wangu umeelekea zaidi kwenye uwanja mtupu wa Marekani, ambako mtu hulipa kidogo na kujitegemea kwa mengi.

Uwanja huo sasa una mashaka. Viwanja vya ski zaidi ya 100 vya Marekani vimo ndani ya misitu ya taifa, na Mount Baker na Crystal Mountain za Washington, na Mount Bachelor ya Oregon, ni miongoni mwavyo. Ardhi ni ya umma, inasimamiwa na Idara ya Misitu, na makampuni huiendesha kwa kibali chini ya sheria ya mwaka 1986. Kwa insafu, basi, mwananchi wa kipato kidogo ana haki ya kupata pembe ya kulala juu ya ardhi iliyo yake. Lakini baadhi ya milima imekwisha kukataza kulala uwanjani, na sababu hazikosekani: wapo wamwagao maji machafu juu ya theluji wakidhani theluji imeyaficha, hali yatatokea yote katika vijito wakati wa kuyeyuka, wapo waungurumishao jenereta usiku kucha wakawanyima jirani zao usingizi, wapo waliogeuza maegesho kuwa makazi ya miezi. Adabu mbaya ya wachache huwapa wenye milima hoja ya kuwafungia wengi, nao hawalii kwa kufunga, maana penye uwanja wa magari panaweza kujengwa hoteli.

Nawasihi wenye mamlaka ya milima hiyo wasiifuate njia hiyo. Watoze ada ya haki, waweke idadi ya siku, wamfukuze mchafuzi, lakini waache safu moja ya magari-nyumba kando ya uwanja, kwa kuwa mtoto wa fundi bomba anayelala humo leo akiwa na soksi zake mbele ya hita ndiye atakayeupenda mlima na kuutetea kesho, na hakuna tangazo la biashara linaloweza kununua mapenzi hayo.

Na wewe msomaji wetu uliye Seattle, Portland, Minneapolis au Toronto, ambaye kila mwaka huyapitisha majira ya baridi ndani ukihesabu siku za kurudi kwa jua, chukua familia yako uende angalau mara moja. Kodi gari lililoundwa kwa baridi, wala usikubali lile la kiangazi kwa sababu ya bei. Anza mahali penye umeme wa kuchomeka, kama Crystal Mountain, na uagize nafasi mapema. Nenda siku za katikati ya wiki, uchukue propani ya ziada, koleo mbili na maji ya madumu. Mkaa uuache nyumbani. Nunua kengele mbili za kaboni monoksidi, moja uitundike karibu na vitanda na nyingine upande wa pili wa gari, isiwe karibu sana na hita, na kabla ya kuzima taa uzibonyeze zote mbili uzisikie zikilia.